Kasri la Martina

Getrude aligonga nguzo ya dhahabu kwa kidole, ikalia kama boksi tupu. Akasonya. Nguzo ya mfalme, eti!

Ndiyo hiyohiyo Martina, mshindani wake wa biashara, aliyoiegemea juzi kwenye picha aliyoirusha WhatsApp, mkono kiunoni, na chini kaandika: "Nimeingia kasri la Baroko, jamani. Wafalme waliishi humu. Mzigo wa Ulaya unakuja." Moshi nzima ikapagawa. Wanawake wazima, wenye akili zao timamu, wakamwaga vikopakopa.

Getrude hakupagawa. Aliikuza picha mpaka akaiona soketi nyuma ya kitanda cha mfalme, ya matundu matano, sawasawa na ile anayochomekea pasi kwenye chumba alichopanga mtaa wa Sanyuanli, hapahapa Guangzhou. Siku mbili za kuulizauliza zilitosha. Ulaya ya Martina ilikuwa studio ya picha za maharusi, vituo vinane tu vya metro kutoka kwake.

Na leo ndiyo siku. Kule Moshi, saa sita mchana, kamati ya Mama Sostenes ingeamua nani alete sare za harusi ya mwanawe, magauni mia mbili: Getrude au Martina. Mama huyo alishasema wazi kwamba mfanyabiashara mwongo hatamkaribia mwanawe. Ilibaki saa moja.

Getrude akaingia ukumbi wa enzi, simu mkononi, akirekodi. Malaika wa darini walikuwa wamechapwa kwenye turubai, mmoja kafura ubavu kwa unyevu. Ndani ya meko ya marumaru palikuwa na feni na vipande vya karatasi nyekundu. Maktaba ya mfalme haikuwa na kitabu hata kimoja. Ilikuwa migongo mitupu ya vitabu iliyogundishwa ukutani. Kiti cha enzi kilikuwa na magurudumu. Juu yake alikaa bwana harusi wa Kichina, joho la kifalme mabegani, ndala miguuni.

"Takataka," alisema Getrude kwa sauti. "Takataka tupu."

Binti wa mapokezi akamjia mbio, akitabasamu. "Pengyou, rafiki, wewe bibi harusi? Unataka picha?"

"Mimi? Humu? Hata ya msibani sipigi humu."

Simu ikaita. Mama Sostenes! Getrude akakimbilia chooni, akafunga mlango kuzikata kelele za mpiga picha, akajifuta jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko salama?"

"Salama mama, baridi tu."

"Wajumbe wameshafika. Una neno kabla hatujaamua?"

"Ninalo. Natuma video kwenye grupu sasa hivi. Naomba muitazame wote."

Akarudi ukumbini, akasimama chini ya taa kubwa ya vioo vya plastiki. Aliunyoosha mgongo. Hasira za wiki nzima zilimpanda, na zilikuwa tamu.

"Wapendwa wanakamati, karibuni Ulaya!" Akawaonyesha soketi, magurudumu, ndala. Kisha akalivuta pazia la mahameli: nje, barabara, pikipiki za umeme na mabango ya Kichina mpaka juu. "Mnaona? Mimi Getrude nimesimama hapa kwa miguu yangu miwili, Guangzhou, China, leo hii. Martina hajaiona Ulaya hata ndotoni. Anawafanya wajinga. Anawaona washamba!"

VPN, ile ya kufungulia WhatsApp ukiwa China, ikasuasua, halafu video ikaondoka. Getrude akajibwaga kwenye kitanda cha mfalme, kikalia nyaa. Roho yake ilikuwa nyeupe. Alijua kwamba magauni yote mia mbili ni yake, na kwamba Martina hatathubutu kukanyaga sokoni kwa mwaka mzima.

Akafungua grupu. Mtu mmoja akaweka kikatuni cha mdomo wazi. Mwingine naye akaweka. Halafu ikatokea "Mama Sostenes anaandika", ikakatika, ikatokea tena.

"Asante, Martina tumemwona," ujumbe ulisema. "Na wewe Getrude, ambaye tulikusindikiza kwa maombi ukienda Istanbul kutuletea vitambaa vya Kituruki, hapo Guangzhou unafanya nini?"