Nyani Ataka Kutangulia

Inasemekana Pimbi alikuwa akiwavusha wasafiri milima mirefu, mwendo wa siku nne. Safari moja aliwaongoza Nyani na Bibi Swala, aliyekuwa akienda kumwuguza bintiye ng'ambo. Tangu walipoondoka, Nyani hakukubali kuongozwa. Pimbi akisema kulia, yeye husema kushoto. Siku ya pili Pimbi akachoka kubishana.

"Haya, ongoza wewe!"

Nyani akawazungusha kutwa nzima, na jioni wakajikuta palepale walipolala jana.

"Kiongozi gani wewe, unatuacha tupotee?" Nyani akafoka.

Pimbi alitamani kumtupa hukohuko, lakini akamwonea huruma Bibi Swala, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Asubuhi akamtanguliza Nyani, naye akafuata nyuma akimwelekeza kwa sauti ya chini: "Kulia, bwana mkubwa. Sasa panda."

Walipofika ng'ambo, Bibi Swala akakimbilia kwa bintiye. Nyani akajipiga kifua mbele ya wenyeji.

"Nimewavusha mimi!"

"Basi kesho utuvushe na sisi!" wakashangilia.

Nyani akageuka kumtafuta Pimbi. Akamkuta amejinyoosha juani.

"Tangulia, bwana mkubwa," alisema Pimbi, akafumba macho.