Msuko wa Jumapili

Kila Jumapili alasiri, mji mzima ulivua vikumbushi masikioni na kuviweka kwenye chaji kwa saa moja. Saa hiyo watu hawakupika wala kushona, maana hapakuwa na sauti ya kuwaambia kinachofuata. Walikaa tu.

Rukaya hakuwa mtu wa kukaa bure. Alimketisha mkekani binti yake Tausi, ambaye hakuwa na kikumbushi kwa kuwa alikuwa hajaanza shule, akamsuka mtindo wa twende kilioni kama alivyokuwa akisukwa na marehemu mama yake. Vidole vilikwenda vyenyewe.

"Nani anakuambia, mama?"

"Hakuna, mwanangu. Hebu lete mkono. Gawa mafungu matatu, kisha kaza taratibu."

Saa ilipokwisha, Rukaya alivaa kikumbushi akamalizia msuko wa mwisho. Sauti ikamwambia kwa upole, "Msuko umehifadhiwa. Sasa huna haja ya kuubeba akilini."

Jumapili iliyofuata, kikumbushi kikiwa kwenye chaji, alichana nywele za Tausi, akashika kishungi cha kwanza, vidole vikasimama. Alivitazama kama vya mgeni.

"Umechoka, mama?"

"Sijachoka. Sijui tu kinachofuata."

Tausi alivishika vidole vya mama yake, akavirudisha kichwani pake. "Gawa mafungu matatu," alinong'ona, "kisha kaza taratibu."

Rukaya alisuka huku machozi yakimlengalenga. Kesho yake Tausi angeanza shule. Sare yake mpya ilikuwa imekunjwa juu ya kabati, na juu ya sare kikumbushi chake, kidogo kama punje ya mtama.