Mwanya wa Mwanakheri

Siku hizi picha za marehemu hujifuta zenyewe arobaini ikifika. Inayoruhusiwa kubaki ni sura iliyochomwa kwenye ubao. Nilipoandaa ya dada yangu Mwanakheri, niliondoa rangi, nikakoleza vivuli, lakini kila mara mashine ya leza iliuziba mwanya wa meno yake ikidhani ni kasoro.

“Kasoro ni wewe!” nikaifokea, nikauchora upya kwa mkono. Leza ikapita juu ya ubao wa mninga.

Mama akaupapasa ubao, kidole kikatua kwenye mwanya. Akapiga kigelegele. “Ndiye! Ndiye mwanangu!”

Simu ilipozifuta picha, hatukujali. Tulikuwa tumeshinda.

Miaka ikapita, na mtoto wa Mwanakheri, aliyemwacha mchanga, akaanza maswali. “Mama alikuwa mweupe, au maji ya kunde?”

Mimi na Mama tukajibu kwa pamoja, majibu mawili tofauti.