Nyumba Iliyothaminiwa Toka Barabarani

Karani alikuwa ameshaita rufaa inayofuata, lakini mama aliyeketi mbele ya meza hakuinuka.

Mwenyekiti wa baraza la rufaa za kodi ya majengo alimweleza tena, taratibu, kwamba shauri lake limekwisha. Kodi ni ile ile iliyopangwa. Isipolipwa kabla ya mwisho wa mwezi, nyumba itapigwa mnada. Akamshukuru kwa kuja.

Mama alikivuta kiti karibu zaidi na meza, kikakwaruza sakafu.

"Bado sijamaliza," alisema.

Mtaani walimwita Bi Msumari. Alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti viwili nyuma ya stendi, na jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu akishashikilia jambo hang'oki. Siku hiyo alikuwa ameifunga saluni, akavaa viatu vyake vya harusini, akaja na ilani ya kodi aliyoibandua getini kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi karani alipomuuliza marehemu aliyeandikwa kuwa mwenye nyumba ni nani wake, alijibu kwa mkato kwamba alikuwa mumewe. Karani akampa pole, akaandika "mjane", akampitisha.

Mthamini, kijana wa shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe, alirudia maelezo yake. Mtaa umepanda hadhi. Maduka yamefunguliwa, barabara ina lami. Nyumba ina uzio, na ukuta wake wa mbele ni wa matofali ya kuchoma. Ameiona kwa macho yake.

Bi Msumari akamuuliza aliiona akiwa wapi.

Kijana alizipekua karatasi zake kwa muda. Akasema alikuwa ndani ya gari.

Watu waliokuwa wakisubiri kwenye mabenchi walicheka chinichini, na mwenyekiti akagonga meza. Kisha akamuuliza mama anataka nini hasa.

Alichotaka ni waende wakaione nyumba. Leo, si kesho. Mwenyekiti akasema baraza halina utaratibu wa kutembelea nyumba moja moja, na likianza na yake litazeeka kabla halijamaliza mtaa. Basi atawasubiri hapo hapo, alijibu Bi Msumari. Akavua viatu, akavipanga chini ya kiti, akakunja mikono.

"Mama, usinifanye nimwite mlinzi."

"Mwite. Mkewe namsuka mimi."

Mlinzi aliitwa. Akafika hadi mlangoni, akamwona aliyeketi pale, akaanza kuikagua dari.

Baraza likajaribu kuendelea na kazi. Mwenye bucha, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, akasema hawezi kujieleza akiwa amesimama, na kiti kina mtu. Aliyemfuata naye akasema hana haraka. Watu wakaanza kujinyoosha kwenye mabenchi kana kwamba wako kwao.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akamuuliza mama kwa sauti ndogo kwa nini asikubali tu kwamba ameshindwa, kama wanavyoshindwa wengine.

"Matofali ya nyumba ile niliyabeba kichwani nikiwa na mimba," alisema Bi Msumari. "Wanangu wote wamezaliwa mle. Kunitoa kwenye kiti hiki mnaweza, mko wengi. Lakini nyumba ile haitapigwa mnada na mtu ambaye hajafungua hata mlango wake."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Waliondoka jua likiwa la utosini: mwenyekiti, mthamini, na Bi Msumari mbele yao, viatu mkononi, akitembea kama anayewahi gari. Walipofika getini mwenyekiti alimkaribisha atangulie. Akakataa. Aliyethamini bila kuingia, alisema, ndiye anayetakiwa kuingia.

Wakaingia wenyewe.

Nyuma ya ule ukuta mzuri, nusu ya paa haikuwepo. Sebule ilikuwa wazi juu, na majani yalikuwa yameota pale palipokuwa na sakafu. Chumba cha pili kilikuwa na ufa ambao mthamini aliupitishia mkono mzima, akauchomoa haraka. Kwenye chumba kimoja tu kisichovuja, mwanamke mgonjwa alilala kitandani, miguu imefunikwa, birika na kikombe vikiwa karibu na mkono. Akawauliza nani kawatuma. Walizungumza naye kidogo, kisha wakamwachia salamu za kupona.

Walipotoka, Bi Msumari alikuwa amevuka barabara, amesimama upande wa pili, juani. Mthamini alipita bila kumtazama usoni. Mwenyekiti ndiye aliyevuka kumfuata. Alimwambia makadirio yamefutwa, nyumba haiuzwi, na uamuzi utaandikwa leo hii kabla ofisi haijafungwa. Akaongeza kwamba walipaswa kuja mapema. Bi Msumari akaitikia kwa kichwa tu. Alikuwa ameanza kuvaa viatu.

Mwenyekiti hakuondoka. Kuna kitu kilimkera.

"Yule mgonjwa," alisema. "Nilipomwambia aliyetuleta ni wewe, alijifunika shuka hadi usoni. Ni mdogo wako?"

Bi Msumari alikaza mkanda wa kiatu, akanyanyuka.

"Ndiye mke aliyeingizwa mle siku niliyofukuzwa mimi," alisema, akaenda kufungua saluni.