Maji ya Kikao

Zamani, enzi ambazo hata mimi nilikuwa na nywele, chemchemi ya wanyama ilianza kupungua, kwa kuwa miti yake ilikuwa imekatwa. Chura akaenda barazani.

"Mwenyekiti, wanangu bado viluwiluwi, hawawezi kuhama. Tupande miti leo!"

Kiboko, mwenyekiti mwenye tumbo kama langu, akacheka. "Papara ya nini, mama? Kwanza mpango. Katibu, soma kumbukumbu."

Kobe akasoma za kikao kilichopita, polepole, mpaka wajumbe wakashikwa na kiu. Kwa desturi ya baraza, kila mjumbe aliletewa kibuyu cha maji ya chemchemi. Kiboko, kwa cheo chake, aliletewa kumi.

Ikawa hivyo vikao saba. Katika cha nane mpango ukapitishwa kwa makofi, wakabeba miche kwa vigelegele hadi chemchemini. Wakakuta tope limepasuka, na Chura ameketi mbele ya viluwiluwi waliokauka.

"Pole, mama," Kiboko akasema. "Maji yamekwenda wapi?"

"Mmeyanywa mkiyajadili."

Kiboko akakohoa. "Katibu, itisha kikao cha dharura."

Kobe akamnong'oneza, "Mzee, bila maji nani atakuja?"

Hakuja mtu. Miche ikakaukia pale ilipowekwa.