Dozi ya Bosi

Sindano ya kwanza iliingia kwenye mto wa kochi. Ya pili ikamchoma fundi cherehani mwenyewe kidoleni, ikabidi mkewe amshike asianguke. Paka wao, waliyempa jina la Bosi, alijilamba makucha kana kwamba hayamhusu.

"Jaribu tena, baba watoto," mkewe akasema. "Tukiacha, atakufa."

Ilikuwa aibu. Mtu ameshinda na sindano tangu ujana, lakini hii ya hospitali ilimtoa kijasho chembamba. Juzijuzi alipokwenda kupimwa afya, alichomwa kidole kidogo tu, akaaga kwamba anakwenda chooni, akatokea nyumbani. Hata majibu hakuyangoja.

Ila Bosi alikuwa kipenzi chake. Siku moja kabla, walipofika kwa daktari wa mifugo, mkewe ndiye aliyeeleza yote: anakunywa maji kupita kiasi, kila mara yuko nje kukojoa, anakula vizuri lakini anakonda. Habari hizo zilimkausha fundi koo. Akaomba maji, akaongezewa.

"Kisukari," daktari akasema. "Sukari imejaa kwenye damu, mwilini haiingii. Insulini ndiyo inayoufungua mlango. Bila hiyo, mwili unakufa njaa na chakula kiko nje kimerundikana."

"Tufanyeje?"

"Sindano asubuhi na jioni. Na chai mnywe bila sukari, asije akalamba vikombe."

Fundi alikubali hata hilo. Akajifunza kwamba chupa haitikiswi, inabingirishwa taratibu viganjani. Hewa inatolewa kwenye bomba, ngozi inavutwa kidogo, sindano inapita chini yake. Wiki zilivyokwenda, akawa anadunga huku anapiga mluzi, na Bosi hata usingizi haukumkatika. Wateja waliokuja kupunguziwa suruali walisimuliwa habari za insulini mpaka wakachoka.

Siku ya kurudi, daktari akasema anataka kuuona huo mkono unaosifiwa. Mkewe akatoa chupa mpya kwenye mkoba. Fundi akaibingirisha, akavuta dawa, akagonga bomba hewa itoke. Vidole vilitulia tuli. Furaha ilimjaa kifuani, maana Bosi alikuwa amenona, manyoya yanang'aa, na aliyemwokoa ni yeye.

Akageuka kumshika, akamkuta keshabebwa na mkewe.

"Huyo ni mzima tangu siku ya kwanza," daktari akasema, akimsogezea fundi kiti. "Ulikuwa unamdunga maji ya chumvi."

"Hiyo uliyoshika imetoka kwa daktari wako, pamoja na yale majibu uliyoyakimbia," mkewe akasema. "Pandisha shati, baba watoto."