Mbwa Aliyeogopa Kuitwa

Sheria ya mji ilikuwa fupi: mbwa asiyemjia mfugaji wake kwa hiari anahamishiwa nyumba nyingine. Mkaguzi angefika Jumamosi, na mbwa Bosi bado alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji.

"Bosi! Njoo hapa!" alifoka Tunsume, mfugaji wake, mikono kiunoni.

Mkanda wa shingoni, uliosema kila alichohisi mbwa, ukajibu, "Naogopa. Nikiitwa hivi, huwa nagombezwa."

"Nani kakugombeza? Mimi ndivyo ninavyoongea!"

Binti yake, Sekela, akacheka mlangoni. "Mama, hata mimi ukiniita hivyo naanza kujiuliza nimevunja nini."

Tunsume hakuwa mtu wa kununa. Alichuchumaa, akaangalia pembeni, akaweka dagaa mmoja chini. Bosi alipopiga hatua, alimwambia "vizuri" na kumtupia mwingine. Wiki nzima hakumfokea, hata alipotafuna kandambili zake. Jumamosi, mkaguzi akiwa getini, Tunsume alimwita Bosi kwa sauti ya chini. Bosi akaja mbio, mkia ukipepea.

"Nimefurahi," mkanda ukasema. Mkaguzi akaaga.

Jioni Tunsume alimwita Sekela kwa sauti ileile. Sekela akaja, lakini akasimama mbali kidogo, akimchunguza uso. Shingo yake haikuwa na mkanda wa kumsemea.

Tunsume aliketi mkekani, akapigapiga nafasi iliyokuwa wazi kando yake.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Nimetaka tu ukae."

Sekela akakaa, ukingoni mwa mkeka.